Ukurasa Uliorudi Bila Wino Mwekundu

Chumba cha wafanyakazi, nyuma ya hoteli
3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Katika mji huu wote, na miji ya jirani uiongeze ukipenda, hakuna mtu anayekunja shuka kunishinda mimi. Sijisifu, natoa ushahidi. Juzi mgeni mmoja aliamka akateremka mapokezi kuuliza ni nani aliyepiga pasi foronya yake, maana usiku kucha ameota ndoto za kitajiri. Wakamwambia ni Kiroboto. Akataka kuniona. Nikakataa, kwa sababu mtu akionekana sana anachuja.

Sasa mtu wa namna hii aendelee kuungua vidole huku chini kwa madobi mpaka lini? Sikiliza habari kubwa. Karani wa mapokezi anaondoka, na nafasi yake imebandikwa kwenye ubao karibu na lifti ya nguo chafu. Wanataka mtu mwenye adabu (ninayo ya kuazima), mwenye shati jeupe (ninayo mia mbili, yote ya wageni), na anayejua Kiingereza cha kusema na kuandika. Intavyu ni tarehe 28 Aprili, na meneja mwenyewe ndiye atakayeuliza. Msimamizi wangu alipoona nimejiandikisha alicheka mpaka akashika meza. Eti mtu niliyeachana na shule kabla shule haijamaliza na mimi, nitasema nini na wageni?

Hajui nilikosomea. Hajui kwamba nimelelewa na mpiga taipu wa ofisi ya ardhi, miaka thelathini na moja, mabosi saba wamepita na wote saba Kiingereza chao kilikuwa chako.

Kiingereza kikubwa ninacho, Shangazi. Kinachoniua ni vile vineno vidogo vinavyoifuata kazi kama utitiri: in, on, at, for, of. Sisi kazini ni kazini. Niko kazini, naenda kazini, natoka kazini, neno halijavua hata kofia. Wenzetu kila mlango wameuwekea ufunguo wake.

Kwa hiyo tufanye kama zamani. Kila barua nakutilia ukurasa mmoja wa Kiingereza kuhusu kazi yangu, wewe unaupiga kalamu nyekundu na kunirudishia. Na mtego upo palepale: kosa moja ni la makusudi. Ukilikosa, chai utapika wewe siku nikija. Najua, tangu nikiwa na miaka kumi hujawahi kuipika.

Ukurasa wa kwanza: I work in this hotel. I am responsible of the sheets. I am good in ironing. Every day I come at work by foot.

Kiroboto wako


Nyumbani
11 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini lako angalau lina mdundo.

Ukurasa wako huo, umerudi umetapakaa damu. Nimekuta makosa manne: moja la makusudi na matatu ya moyoni. Sikuulizi la makusudi ni lipi, nisije nikakuaibisha.

Sasa nisikilize. Haya maneno madogo usiyatafutie maana, utazeeka. Tazama jirani. Responsible hutembea na for. Ukimkuta na of, jua amepotea njia. Good, kwa kazi ya mikono, hukaa na at. Come hutaka to kwa sababu bado uko njiani; ukishafika na kutundika koti ndipo unakuwa at work. Basi, treni, baiskeli, vyote ni by, ila miguu ya binadamu ni on. Usiniulize kwa nini. Bosi wangu wa tatu nilimuuliza, akapekua kamusi nusu saa, kisha akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani mapema.

On yenyewe ichukulie kama kukalia kiti. Aliye on duty amekalia kiti cha kazi. Aliye on leave naye amekalia kiti, ila cha kwao.

Unisamehe kama duara moja au mbili zimekaa pembeni ya neno. Nimebadilisha balbu ya taa ya mezani mara mbili mwezi huu na bado haimuliki. Siku hizi wanatuuzia giza kwa bei ya mwanga.

Kula vizuri. Usivae mashati ya wageni.

Shangazi yako


Chumba cha wafanyakazi
19 Machi

Shangazi, shikamoo tena.

Umenichinja, lakini nimefufuka. Huku chini sasa ni chuo. Kila shuka nalikunja na sentensi yake: kunjo la kwanza responsible, la pili for, la tatu the sheets. Mwenzangu wa mashine ya kukausha, yule mkimya ambaye nilidhani hana ulimi, jana amefungua kinywa akasema on duty, kisha akafunga. Nikampigia makofi.

Msimamizi alinikuta nimekalia kikapu cha taulo akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia I am on duty, kama ulivyofundisha, nimekalia. Amenikata mapumziko ya siku mbili. Elimu ina gharama.

Nakuambia, hii kazi nikiipata nitakutumia picha nimesimama nyuma ya ile meza ya mawe, tai shingoni. Utaitundika juu ya mashine yako ya taipu, wageni wako wakiuliza ni balozi gani yule, waambie ni mtoto wa kaka yako, anaitwa Kiroboto.

Ukurasa wa pili: I am in charge of the pillowcases. I report to the supervisor. I am never late for work. I will finish the towels by Friday. I am proud from my job.

Mtego umo. Nimeuficha mahali ambapo hata polisi hawatafika.

Kiroboto


Nyumbani
30 Machi

Mpendwa Kiroboto,

Usishangae kuona taipu. Mkono wa kalamu umechoka kidogo, lakini vidole vya mashine havizeeki, vinajua njia vyenyewe. Miaka ile ofisini umeme ulikuwa ukikatika mabosi wanatafuta mishumaa, mimi naendelea kupiga. Unakumbuka nilivyokuwa nikikufunika mikono kwa taulo ili usichungulie herufi?

Ukurasa wako naurudisha. Zote ni sahihi, ndiyo sababu huoni wino. Umefanya vizuri.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Amesema nina presha ya macho na kwamba hili moja lililobaki na nguvu wangependa kulifanyia upasuaji mdogo. Madaktari hawakosi jambo la kupenda. Fundi cherehani wa dirisha la pili ndiye anayeninunulia stempu sasa na kunisomea barua zako, kwa hiyo punguza matusi kwa msimamizi wako, mama wa watu anaona haya kuyatamka.

Na wewe, hiyo on leave yako inakalia mwezi gani? Nauliza tu.

Shangazi yako


Chumba cha wafanyakazi
7 Aprili

Shangazi,

Mia kwa mia! Ukurasa mzima haujaguswa! Nimeubandika ukutani juu ya kitanda changu, na jana nilimwita msimamizi aje auone mwenyewe. Alitafuta wino mwekundu kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Hakuuona. Akaondoka bila kuaga.

Pole kwa jicho. Lazima lipate presha, limesoma takataka za mabosi saba. Mwambie daktari alishike taratibu, hilo ndilo lililonifundisha kusoma.

Likizo itanikalia baada ya intavyu. Nikiomba sasa, msimamizi atasema nimekimbia, na jina langu litafutwa kwenye ubao. Vumilia wiki tatu tu, nakuja na tai. Fundi wa dirisha la pili, najua unasoma wewe: nipimie shati kwa macho ya mawazo, kifua kipana.

Ukurasa wa tatu: I applied for the post. I am looking forward to the interview. I depend on nobody.

Kiroboto


Nyumbani
14 Aprili

Mpendwa Kiroboto,

Ukurasa wako nimesomewa, nao ni sahihi, ingawa hiyo sentensi ya mwisho Kiingereza chake ni kizuri kuliko ukweli wake.

Mashine yangu nayo inazeeka. Lile tone la gundi nililokuwa nimelitia juu ya J, ili kidole kijue kwao ni wapi, limebanduka. Fundi amenitafutia gundi nyingine, ikaishia kwenye kitambaa cha mteja.

Nina jambo moja. Nimelizunguka barua mbili zilizopita, na unanijua, la namna hii sitalirudia. Usinijibu kwa mzaha.

Mkpp mui,nsmo/ Dopmo/

Ni hilo tu. Nakungoja.

Shangazi yako


Chumba cha wafanyakazi
20 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Kuku wa nani amepita juu ya mashine yako? Nimeusoma ule mstari wako mtukufu kwa kuugeuza juu chini, nimeusoma kwenye kioo, nimempa mwenzangu wa mashine ya kukausha. Ameutazama muda mrefu akasema huenda ni jina la dawa. Kama ndiyo lugha mpya ya maofisini, basi intavyu nimeanguka kabla ya kuingia.

Nakutania. Kama lilikuwa jambo la maana, tutalizungumza uso kwa uso. Zimebaki siku nane tu, na kichwa changu kimejaa in na on hadi masikioni, ukinitikisa vitamwagika. Nimeshanunua tai. Nimekopa viatu. Mwenzangu anajifanya meneja tukiwa tunapanga taulo, ananiuliza maswali, ila kwa kuwa hasemi, namsaidia kuuliza.

Niombee.

Kiroboto


Nyumbani
25 Aprili

Mpendwa Kiroboto,

Ule mstari usikusumbue. Nilikuwa najaribu utepe mpya wa mashine, nikasahau kubadilisha karatasi. Hakukuwa na jambo.

Siku hiyo usikimbilie kujibu. Litaje neno la kazi, vuta pumzi, na jirani yake atakuja mwenyewe. Wakikuuliza usilolijua, sema hujui. Bosi wangu wa tano aliajiri mtu kwa sababu hiyo moja. Vaa shati lako mwenyewe hata kama kola imechoka.

Nenda, mwanangu. Mimi niko salama, nimekaa kitini kwangu. On leave, kama unavyojua.

Shangazi yako


Dirisha la pili
6 Mei

Kwa kijana wa jirani yangu,

Mimi ni fundi cherehani. Nakuandikia bila ruhusa ya shangazi yako, na akijua atanivunjia heshima, lakini nimechoka kubeba peke yangu.

Shangazi yako haoni kabisa. Si kidogo, si taa. Haoni. Nampa kikombe mkononi.

Daktari alimwambia mwezi wa tatu kwamba jicho lililobaki lingeweza kuokolewa kama angepasuliwa kabla ya mwisho wa Aprili. Walimpa kitanda tarehe 26. Hospitali ilitaka ndugu wa damu wa kutia sahihi na kukaa naye. Nilikwenda nikasema mimi ni dada yake. Nesi akatazama kitambulisho changu, akatazama chake, akanionea huruma akanirudisha. Ndugu aliyebaki ni wewe tu.

Nilitaka kukuandikia tangu hapo. Akakataa, akasema mambo yake anaandika mwenyewe. Siku aliyofunga ile barua ya tarehe 14 aliilamba bahasha, akanikabidhi, akaniambia, "Nimemwita. Atakuja." Nikamsaidia kupanga begi: khanga mbili, kandambili, sabuni. Likakaa mlangoni. Kila gari lililosimama nje aliniuliza limeteremsha nani.

Badala yako ikaja barua yako ya kuku. Nilimsomea mimi. Nilipofika kwenye mstari uliopotea akanisimamisha, akaweka vidole mezani kama mtu anayepiga mashine, akavisogeza kidogo, akavirudisha. Kisha akacheka. Akasema, "Kumbe hakupata habari. Basi ni heri, ana intavyu yake." Akaniomba nimtolee nguo kwenye begi nizirudishe kabatini. Nikamwambia nikuandikie kwa mkono wangu, siku bado zipo. Akasema nikithubutu asinione tena mlangoni kwake, kisha akajisikia alichosema.

Sikulaumu. Mtu hawezi kuitikia mwito ambao haukumfikia. Lakini njoo.

Fundi


Mapokezi
12 Mei

Fundi, shikamoo na asante.

Barua hii ni ya Shangazi. Nakuomba umsomee kwa sauti, neno kwa neno, na ukifika mahali unaona haya kwa niaba yangu, usiruke.

Shangazi,

Kazi nimeipata. Nakuandikia nikiwa nyuma ya ile meza ya mawe. Tai inanikaba na viatu vya watu vinanibana, lakini kwenye kadi yangu ya kifuani wameandika kazi yangu kwa herufi za dhahabu, na msimamizi wa madobi sasa akinipigia simu ya ndani huanza na samahani. Ilipaswa kuwa barua ya kukutambia kurasa sita.

Waliniuliza maswali tisa. La nane meneja aliuliza kama nje ya kazi nina majukumu yoyote. Nikafanya kama ulivyoniagiza. Nikalitaja neno, nikavuta pumzi, na jirani yake akaja mwenyewe. Nikasema, "I am responsible for my aunt." Meneja akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akamwambia mwenzake kwamba kijana huyu Kiingereza chake kimenyooka. Ilikuwa sentensi safi, Shangazi. Hata wewe ungeipita bila kuigusa. Siku hiyo ilikuwa tarehe 28. Kitanda chako walishampa mtu mwingine tangu juzi yake.

Nimeomba ruhusa. Wamesema mtu aliyeanza kazi wiki iliyopita haombi ruhusa. Nimewaambia basi nitarudi kwenye mashuka, kama watanipokea, na wasiponipokea kuna mashuka kila mahali. Nafika Jumamosi. Chai napika mimi, na nitaipika kila siku nitakayokuwa hapo, na hata ukisema inatosha sitakusikiliza.

Sasa yale ambayo Fundi hayajui. Ameandika kwamba hanilaumu. Namwomba alifute hilo.

Ule ukurasa wa pili, ulioniambia zote ni sahihi, mtego ulikuwa ndani yake. Niliandika proud from my job, badala ya of. Ndilo kosa lilelile ulilonichapia rula nikiwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo hujawahi kulipita hata kwa bahati mbaya. Nilipoona karatasi imerudi nyeupe nilijua. Usiku ule niliushika ukurasa wako nikausogeza kwenye taa, nikitafuta hata alama ya kucha. Asubuhi nikaubandika ukutani, nikaita watu waje kuuona, kwa sababu mia kwa mia ilikuwa rahisi kubeba kuliko lile jambo lingine.

Na hilo si ndilo kubwa.

Unakumbuka ulipokuwa ukinifunika mikono kwa taulo, nikakosea pa kuanzia, nikapiga jina langu lote likatoka kama kikohozi? Nilitaka kulia. Ukaniambia mikono yangu haikukosa, imekaa tu nyumba ya jirani, na ukanionyesha namna ya kulisoma: rudisha kila herufi hatua moja kushoto. Wiki nzima tukaandikiana hivyo kwa kucheza. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wewe. Nilijisifia mtaa mzima.

Tarehe 17 mwezi uliopita barua yako ilinikuta nakunywa chai kwenye kikapu cha taulo. Sikuugeuza ule mstari juu chini. Sikuupeleka kwenye kioo. Mwenzangu wa mashine ya kukausha hajauona mpaka leo. Niliurudisha hatua moja kushoto, herufi kwa herufi, kwa kidole juu ya goti, na nilikuwa nimemaliza kabla chai haijapoa.

Ulisema: Njoo nyumbani. Sioni.

Mwito ulinifika, Shangazi. Niliusoma.

Kiroboto